Kilicho nyuma ya shabaha: kuwinda kanga, kwale na swala kwa usalama kandokando ya Ziwa Victoria

Alfajiri moja ya mwezi wa Agosti, katika vichaka vya upande wa Busega ambako leseni yake ilimruhusu kuwinda, mzee mmoja niliyefuatana naye aliwaona kanga kumi na watano hivi wakichakura kwenye majani makavu, umbali usiozidi hatua arobaini. Walikuwa wamekusanyika, hawajatushtukia, nami nikaona kitoweo cha siku mbili kiko mbele yetu. Mzee alipandisha bunduki begani, akatulia kidogo, kisha akaishusha, akaifungua na kutoa risasi zote mbili. Kanga wakakimbia kwa miguu, kama ilivyo desturi yao, wakapotelea kichakani. Nilikuwa bado nimekunja uso aliponiambia, "Mwanangu, sikujua kuna nini nyuma ya kile kichaka." Haikupita muda mrefu akatokea hapohapo mtoto wa miaka kumi hivi, fimbo begani, akiwaswaga ng'ombe kwenda kunywa maji.

Watu wanapozungumzia hatari za kuwinda huku kwetu, hutaja kwanza nyati, mamba na nyoka. Wanyama hao wapo, na nitawarudia. Hata hivyo, mwindaji anayeondoka Mwanza, Magu au Bunda anaingia katika nchi ambayo karibu kila kichaka kina njia ya miguu, kila bonde lina shamba la mpunga au la pamba, na kila ukingo wa ziwa una mtu anayeteka maji, anayekata mafunjo au anayeanika dagaa. Swali gumu zaidi ambalo mwindaji wa pande hizi anapaswa kulijibu ni risasi itakwenda wapi baada ya kumpita mnyama au kumkosa kabisa, na jibu la swali hilo hutafutwa kabla bunduki haijafika begani.

Kwanza niondoe mkanganyiko mmoja wa majina, kwa sababu unawapotosha wasomaji wengi wanaotafuta ushauri wa uwindaji kwenye intaneti. Sehemu kubwa ya ushauri uliopo umeandikwa na Wamarekani na watu wa Ulaya kuhusu mnyama aitwaye deer kwa Kiingereza, ambaye wafasiri wetu humwita mara paa, mara kulungu, mara swala. Mnyama huyo hayupo Tanzania. Ni wa jamii ambayo madume yake huangusha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine, na katika bara zima la Afrika jamii hiyo ina mwakilishi mmoja tu wa asili, anayeishi kaskazini kabisa, katika Algeria na Tunisia. Wanyama wetu wa umbo linalofanana naye, yaani swala pala, swala tomi, pongo, tohe, nsya na digidigi, wana pembe za kudumu ambazo hazianguki maishani mwao. Vivyo hivyo, ndege anayewindwa sana katika mashamba ya Uingereza, aitwaye pheasant kwa Kiingereza, si ndege wetu. Sisi tuna kanga, kwale wa aina kadhaa, tombo, njiwa pori na mabata.

Tofauti hii inabadilisha ushauri wenyewe. Kule Marekani wawindaji wengi hukaa juu ya majukwaa madogo yaliyofungwa kwenye miti wakimsubiri mnyama apite, na kwa hiyo kuanguka kutoka juu ni miongoni mwa sababu kubwa za majeraha yao, ndiyo maana maandishi yao yanasisitiza mikanda ya kujifungia mtini. Mwindaji wa huku hutembea. Hatari zake ni za mtu anayetembea na silaha mkononi: kujikwaa kwenye mizizi, kupita katikati ya miiba, kuruka mfereji wa maji ya mpunga, na kukutana ghafla na kiumbe ambaye hakumtarajia. Kuna jambo moja la kwao, hata hivyo, ambalo ningependa tulichukue lote. Jimbo la New York liliwalazimu wawindaji wapya kupata mafunzo tangu mwaka 1949, na majimbo mengine yakafuata. Sisi tuna taasisi ya Pasiansi, hapahapa Ilemela, Mwanza, ambayo imefundisha askari wa wanyamapori kwa miongo mingi, na mgeni anayekuja kuwinda kitalii hulazimika kufuatana na mwindaji bingwa mwenye leseni. Mwenyeji, ambaye ndiye huwinda karibu zaidi na watu, mara nyingi huenda na rafiki yake tu. Kwa maoni yangu hilo ni pengo, na siku chache za mafunzo kabla ya leseni ya kwanza zingeliziba.

Leseni ya bunduki si leseni ya kuwinda

Wengi hudhani kwamba mtu aliyekwisha kupata leseni ya bunduki ana haki ya kwenda porini nayo. Leseni ya silaha hutolewa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na usajili wake husimamiwa na Jeshi la Polisi. Humpa mtu haki ya kumiliki silaha ile, na haki hiyo inaishia hapo. Leseni ya kuwinda ni jambo jingine, lililo chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, nayo hutaja aina ya mnyama, idadi, eneo na muda. Kisha kuna suala la ardhi yenyewe, kwa kuwa eneo lina wenyewe: laweza kuwa la kijiji, la jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori kama Makao kule Meatu au Ikona kule Serengeti, au kitalu ambacho kampuni ya uwindaji wa kitalii imekwisha kugawiwa. Mtu mwenye hati moja kati ya hizo bila nyingine bado yuko nje ya sheria. Kwa kuwa Serikali inaweza kufunga uwindaji wa wenyeji au kubadili msimu na idadi ya wanyama, njia ya busara ni kuanzia kwa afisa wanyamapori wa wilaya na kumuuliza ni nini kilicho wazi mwaka huo, badala ya kutegemea mazoea ya mwaka uliopita.

Ukubwa wa makosa haya haufahamiki vya kutosha. Kukutwa na nyama, ngozi au pembe bila kibali huitwa kukutwa na nyara za Serikali, na mashtaka ya namna hiyo hufikishwa mahakamani pamoja na sheria ya uhujumu uchumi, ambako dhamana ni ngumu na vifungo ni vya miaka mingi. Vilevile mbele ya sheria kuwinda si kuua peke yake; kumfukuza mnyama au kumvizia kwa nia ya kumuua kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuwinda, hata kama mwishoni mtu amerudi mikono mitupu.

Kuna mipaka ambayo haina mjadala. Katika hifadhi za taifa hakuna uwindaji wa aina yoyote, na kandokando ya ziwa tunazo kadhaa: Saanane, ambayo watu wa Mwanza wanaitazama kutoka mjini, Rubondo, na Serengeti yenyewe, ambayo upande wake wa magharibi unakaribia kabisa maji ya Ghuba ya Speke pale Ndabaka, kwenye barabara ya Mwanza kwenda Musoma. Wanyama hawaujui mpaka huo, nao huuvuka kila siku. Mwindaji aliyemjeruhi swala pala nje ya hifadhi, kisha akamfuata hadi ndani, amekuwa jangili bila kukusudia, na anayekutana naye humo ni askari mwenye silaha asiyejua nia yake. Ufuatiliaji unapofika mpakani husimama, na askari wa wanyamapori hujulishwa.

Tusisahau pia kwamba ziwa ni moja lakini sheria ni tatu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977. Uganda iliufunga mwaka 1979, kisha ikaanza kuuruhusu kwa majaribio karibu na Ziwa Mburo mwaka 2001. Tanzania iliufunga kati ya mwaka 1973 na 1978, halafu ikaufungua tena chini ya usimamizi. Mvuvi au mfanyabiashara anayesafiri kati ya Mwanza, Kisumu na Jinja asibebe nyamapori akidhani kwamba kilicho halali bandari moja ni halali bandari nyingine.

Makatazo mengi ya sheria yetu yanaeleweka vizuri zaidi yakitazamwa kama kanuni za usalama. Ni marufuku kuwinda usiku na kwa kutumia mwanga wa taa. Tochi kali inaonyesha macho mawili yanayong'aa na kuficha mwili wote uliobaki, na macho ya ng'ombe, ya mbuzi na ya mbwa hung'aa kama ya swala. Mtu aliyeketi karibu na mbuzi wake, macho yake hayang'ai kabisa, kwa hiyo mwenye tochi hamwoni. Ni marufuku kutega nyaya na kuchimba mashimo, na kila aliyewahi kumpoteza ndama au mbwa katika tanzi la waya anajua kwamba mtego hauchagui. Sumu nayo nitaizungumzia kwenye sehemu ya nyama.

Umbali ambao risasi husafiri

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, nami naomba msomaji avumilie hesabu kidogo.

Bunduki inayotumika kwa ndege ni ile ya marisau, ambayo watu wengi huiita shotigani. Fundo moja la risasi yake lina punje nyingi ndogo zinazotawanyika kadiri zinavyosafiri. Kwa kanga au kwale, umbali wenye tija ni mita 30 hadi 40. Baada ya hapo punje zimekwisha kuachana na ndege hujeruhiwa bila kufa. Wengi husikia hivyo wakadhani punje zinaishia hapo. Haziishii. Punje ndogo za namba 6, zinazotumika sana kwa ndege wa ukubwa wa kanga, zinaweza kufika zaidi ya mita 200 kabla ya kuanguka, na zikiwa njiani zinaweza kumpofusha mtu. Marisau makubwa ya kupigia wanyama huweza kufika mita 600 hivi. Raifo, yaani bunduki inayorusha risasi moja moja, ni habari nyingine kabisa: hata ile ndogo ya kiwango cha .22, ambayo watu huichukulia kama kitu cha kuchezea, hupeleka risasi yake zaidi ya kilomita moja na nusu, na raifo kubwa za kuwindia swala zinaweza kufikisha risasi kilomita nne au zaidi ikiwa mtutu umeelekezwa juu kidogo. Msomaji anayeijua Ukerewe, au anayeijua nchi iliyo kati ya Kisesa na Magu, na ahesabu kilomita nne kutoka mahali popote, kisha ajaribu kuchora mstari usiopita kwenye nyumba ya mtu.

Kutokana na hesabu hiyo ndipo zinapotoka kanuni mbili ambazo wawindaji wazoefu hawazivunji. Ya kwanza ni kwamba swala hapigwi akiwa amesimama juu ya mgongo wa kilima na anga likiwa nyuma yake, hata awe karibu namna gani, kwa sababu hakuna udongo wa kuipokea risasi. Hupigwa akiwa na mteremko, ukingo au kichuguu kikubwa nyuma yake. Ya pili ni ya ndege, nayo ni kinyume chake: ndege hupigwa akiwa amepanda juu vya kutosha hata mwindaji aone anga safi chini yake, kwa kuwa ndege anayeruka chini yuko katika kimo cha kichwa cha mtu. Watu wengi hushangaa kwamba kanuni moja inalikataa anga na nyingine inalidai. Sababu ni kwamba punje ndogo zinazorushwa juu hurudi chini zikiwa zimepoteza nguvu, ilhali risasi ya raifo iliyorushwa vivyo hivyo hutua katika kijiji kingine ikiwa bado inaua.

Maji nayo hudanganya. Ziwa likiwa limetulia huonekana kama mahali salama pa kupigia, pana na pasipo na mtu, lakini risasi ikigusa uso wa maji kwa pembe ndogo huruka tena kama kijiwe bapa ambacho watoto hukirusha ufukweni, na hakuna awezaye kukisia itakwenda upande gani. Katika ghuba zetu, nyuma ya kila kizuizi cha mafunjo na magugu maji yawezekana pana mtumbwi. Mimi ninashikilia kwamba raifo haina nafasi ufukweni hata kidogo, na kwamba mtu asiyeona maji yaliyo nyuma ya matete asipige chochote kilicho mbele ya matete.

Mengine kuhusu bunduki yanajulikana zaidi, kwa hiyo nitayapitia haraka. Kila bunduki huchukuliwa kuwa ina risasi, hata kama imetoka kufunguliwa sasa hivi. Mtutu hauelekezwi kamwe kwa kitu ambacho hutaki kukiharibu. Kidole hukaa nje ya kifyatulio mpaka uamuzi wa kupiga umekwisha kufanyika. Sefti, yaani kizuizi cha kifyatulio, ni chuma tu, na chuma huchakaa, kwa hiyo haiaminiwi peke yake. Risasi hutolewa kabla ya kuruka mfereji, kupanda uzio, kuingia kwenye mtumbwi au kwenye gari.

Lakini kuna ajali moja inayostahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu hutokea kwa watu waangalifu. Geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na bunduki ya marisau ya geji 12 ina mtutu mpana kuliko ya geji 20. Mtu mwenye risasi za aina zote mbili mfukoni anaweza kuingiza ya geji 20 ndani ya bunduki ya geji 12. Hiyo huteleza mbele na kukwama ndani ya mtutu mahali ambapo haionekani. Akivuta kifyatulio hasikii kitu, akifungua anaona chemba, mahali pa kuwekea risasi, iko tupu, anaingiza risasi sahihi, anapiga, na mtutu unapasuka karibu na mkono wake wa kushoto. Ndiyo sababu risasi za geji 20 kwa kawaida hutengenezwa kwa rangi ya njano. Katika nyumba yenye bunduki mbili, aina hizo mbili za risasi zisikae katika mfuko mmoja wala sanduku moja. Hatari ya kupasuka ni kubwa zaidi kwa magobole yanayofuliwa kienyeji kwa mabomba ya maji, ambayo hayakupimwa na mtu yeyote na hujazwa baruti kwa kukisia. Licha ya kuwa kumiliki silaha isiyosajiliwa ni kosa, mtu anayelifyatua gobole ameweka mlipuko karibu na jicho lake mwenyewe.

Watu wengi, mstari mmoja

Kuwinda kanga na kwale mara nyingi hufanywa na watu watatu au wanne wanaotembea kwa mstari, wakiwaamsha ndege mbele yao. Uzuri wa njia hii ndio ubaya wake, maana ndege anayeruka hukata kushoto au kulia, na macho ya mwindaji pamoja na mtutu wake humfuata hadi unapomwelekea mwenzake. Dawa yake ni makubaliano kabla ya kuondoka: kila mmoja ana sehemu yake ya mbele, aliye katikati hapigi pembeni, na ndege akivuka mstari kurudi nyuma anaachwa aende. Aliyebaki nyuma kuokota au kufunga kamba ya kiatu apaze sauti, na mstari mzima usimame. Watu wanne ndio wengi wa mwisho ninaowakubali katika vichaka vyetu, kwa sababu wa tano hamwoni wa kwanza.

Kuna jambo ambalo sijalisoma popote, ingawa kila aliyewinda na Waislamu hapa kwetu amekwisha kuliona. Ndege akianguka akiwa bado ana uhai, mwindaji hutaka amuwahi kumchinja, na kwa haraka hiyo njema hukimbia na bunduki yenye risasi katika ardhi yenye mashimo. Kwa hiyo wagawane kazi mapema: mmoja ashike kisu na asishike bunduki kabisa, awe ndiye anayekimbia, na wengine wafungue bunduki zao na kuziacha wazi mpaka atakaporudi kwenye mstari.

Kuhusu mavazi, ushauri wa nje unahitaji kuchujwa. Katika majimbo mengi ya Marekani wawindaji wa wanyama wakubwa hulazimika kuvaa rangi kali ya chungwa ili waonane, na hiyo inafaa kabisa hapa, kwa sababu swala na jamaa zake hawaitofautishi rangi hiyo na majani kama tunavyoitofautisha sisi. Ndege, kinyume chake, huona rangi vizuri kuliko binadamu, kwa hiyo anayevizia mabata atalazimika kutulia na kujifunika, kisha aivae rangi hiyo mara anapoinuka kutembea. Kile ambacho maandishi ya kigeni hushauri bila wasiwasi, yaani nguo za mabaka, kwetu ni kosa: raia haruhusiwi kuvaa mavazi yanayofanana na sare za jeshi, na Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliwapa waliokuwa nayo siku saba wayasalimishe. Shati la khaki na kizibao cha chungwa vinatosha.

Baada ya kupiga

Swala hupigwa akiwa amesimama ubavu, nyuma kidogo ya bega, katika theluthi ya chini ya mwili, mahali palipo na moyo na mapafu. Anayetazama mwindaji uso kwa uso, anayekimbia, au aliye ndani ya kundi ambalo risasi ikipita itampata wa pili, huachwa. Kumpiga jike mwenye mimba au mtoto hakuvumiliwi na sheria wala na dhamiri, na ndiyo sababu darubini ni chombo cha lazima. Darubini ya mkononi, kwa maana kutumia ile iliyo juu ya bunduki kuchunguza kitu kinachotikisika ni kumwelekezea mtutu kitu usichokijua.

Mnyama asipoanguka hapohapo, mwindaji mzoefu huketi. Nusu saa ya kusubiri humpa mnyama nafasi ya kulala na kufa karibu, ilhali kumkimbilia humfanya aende kilomita nyingine. Damu husomwa wakati huo: yenye povu na wekundu mwepesi hutoka kwenye mapafu, na mnyama hayuko mbali, nyeusi na nzito huashiria ini, iliyochanganyika na majani yaliyotafunwa hutoka tumboni, na hapo kusubiri kuwe kwa saa kadhaa. Pongo, ambaye ni mdogo na mpole kumtazama, ndiye anayestahili tahadhari kubwa, kwa kuwa akijeruhiwa hujificha kwenye kichaka kizito na humrukia anayemfuata kwa pembe zilizochongoka. Kichaka hicho hakiingiwi kwa kuinama.

Hapo tunarudi kwa viumbe wengine. Kiboko hutoka majini jioni kwenda kula majani na hurudi alfajiri, na mtu aliyesimama kati yake na maji amesimama njiani mwake. Vijia vipana vilivyolala wazi katikati ya mafunjo si vya watu. Mamba hukaa pale ambapo bata aliyepigwa ameanguka, kwa hiyo bata aliyeanguka majini huokotwa kwa mtumbwi au husamehewa. Kuingia majini kwa miguu huleta pia kichocho, ambacho ni tatizo kubwa katika mwambao wetu. Upande wa Serengeti kuna nyati wazee wanaotembea peke yao, na punje za kupigia kwale hazimsimamishi nyati. Nyoka aitwaye kifutu hulala kwenye njia na hasogei. Viatu virefu na macho chini ndiyo kinga, na aliyeumwa hutulizwa, kiungo hakitembezwi, hakichanjwi wala hakifungwi kwa kamba, bali hupelekwa hospitali. Kwa majeraha mazito ya kanda hii Bugando ndiyo hospitali ya rufaa, lakini kutoka Meatu au Busega ni mwendo mrefu, na damu inayotoka kwa wingi hukandamizwa kwa kitambaa safi bila kuachiwa mpaka wafike penye daktari.

Muda nao huponyoka. Kwetu jua huzama saa kumi na mbili na dakika hamsini jioni hivi mwaka mzima, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, giza huingia haraka sana baada ya hapo. Anayepiga swala saa kumi na mbili jioni amejipa ufuatiliaji wa gizani. Mimi huhesabu saa kumi na moja kuwa mwisho wa siku ya raifo. Na kabla ya kuondoka, mtu aliyebaki nyumbani huachiwa jina la mahali, majina ya walioandamana, na saa ya kurudi. Ujumbe wa simu ulioandikwa mapema unatosha.

Nyama

Joto la mchana hapa huharibu nyama upesi. Matumbo hutolewa mapema, mzoga huwekwa kivulini palipo na upepo, na mikono hufunikwa kwa glavu, hasa yenye michubuko. Mnyama aliyekutwa amekufa hafunguliwi kabisa. Kimeta kipo nchini, na mzoga wake ukipasuliwa vimelea hugusana na hewa na kugeuka mbegu ngumu zinazodumu ardhini kwa miaka mingi. Anayeuona mzoga wenye damu isiyoganda puani au mdomoni aondoke na amjulishe daktari wa mifugo. Ndege waliolegea, wanaoshikika kwa mkono, hasa kwenye majaruba ya mpunga, si bahati. Upande wa Kenya, katika mashamba ya mpunga ya Bunyala yaliyo karibu na ziwa hilihili, imewahi kuonekana watu wakiwatega ndege kwa dawa ya wadudu iitwayo Furadan na kuwauza kama kitoweo, na sumu hiyo huingia kwa mlaji.

Linabaki suala la risasi yenyewe ndani ya nyama. Marisau mengi bado hutengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu. Mabata huyameza kwenye tope wakidhani ni changarawe, wakafa polepole, na kwa sababu hiyo Marekani iliyapiga marufuku katika uwindaji wa ndege wa majini tangu mwaka 1991. Marisau ya chuma ni salama zaidi kwa ndege na kwa mlaji, ila hudunda yakigonga jiwe au mti mgumu, na mitutu ya zamani haikutengenezwa kwa ajili yake, hivyo fundi wa bunduki aulizwe kwanza. Kwa anayetumia ya kawaida, nyama iliyozunguka tundu hukatwa na kutupwa kwa ukarimu, upana wa kiganja kwa swala, kwa kuwa vipande vingine ni vidogo visivyoonekana kwa macho. Nyumbani kwa yule mzee wa Busega, kanga akipikwa, kisahani kidogo huwekwa katikati ya mkeka kwa ajili ya punje zitakazokutwa. Watoto wadogo na mkwe wake aliyekuwa mjamzito walipikiwa samaki.